Orodha Isiyo na Tarehe

Katika mchezo wa DBA, mpanda farasi wa kawaida ana 3 na mpanda farasi mwepesi ana 2. Unarusha dadu, unaongeza namba yako, mwenzako anafanya vilevile, na aliyezidiwa anarudi nyuma. Akizidiwa maradufu, mara nyingi anatolewa mezani kabisa. Tofauti ya moja inaonekana ndogo, lakini kaa jioni nzima upande wa 2 halafu uniambie kama ni ndogo.

Sheria za mchezo huu zilitoka Uingereza mwaka 1990, kazi ya Phil Barker na wenzake wa Wargames Research Group. Uzuri wake ni ufupi. Kila jeshi lina vikosi 12, uwanja ni mraba wa sentimita 60 hivi, na vita inaweza kuisha kabla mbavu ulizoagiza hazijaiva. Sisi tunachezea Kenyatta Market, kwenye meza ya plastiki nyuma ya wachomaji, Jumapili alasiri, macho yakiwasha kwa moshi. Wenye pesa zao hununua sanamu ndogo za madini na kuzipaka rangi kwa brashi nyembamba kama unyoya. Sisi tunakata maboksi ya viatu na kuchora kwa biro. Farasi wa kadibodi hana tofauti na wa madini akishapewa namba.

Pamoja na sheria kuna orodha, na orodha ndiyo inayoleta ubishi. Kila jeshi la kale na la zama za kati lina orodha yake: ni vikosi vingapi vya miguu, vingapi vya mishale, vingapi vya farasi, na farasi wa aina gani. Wapo wazito wanaovunja safu kwa mgongano wa kwanza. Wapo wa kawaida, wanaopiga mishale karibu kisha wakashambulia kwa silaha za mkono. Wapo wepesi, wanaokuja kama nzi: wanapiga, wanatawanyika, wanarudi, wanakuchosha. Ukitaka kucheza na watu wa nyika za kaskazini mwa China, wale wanaoitwa Xiongnu, orodha inakupa wepesi wengi. Ukitaka Wachina wa enzi ya Han, inakupa mchanganyiko wa miguu, mishale ya mtambo na farasi.

Ubishi wetu ulianza na Zhao.

Zhao ilikuwa moja ya falme saba zilizopigania China kabla haijaunganishwa. Kaskazini yake waliishi wafugaji wa nyika, watu wa farasi, ambao Wachina waliwaita Hu. Jeshi la Zhao lilikuwa la miguu na la magari ya vita ya kukokotwa na farasi, na watu wake walivaa majoho marefu yenye mikono mipana. Mwaka 307 KK mfalme Wuling alitoa amri iliyowashtua wazee: vueni majoho, vaeni suruali, fungeni mshipi, jifunzeni kulenga mshale mkiwa juu ya farasi. Yaani vaeni kama Hu, piganeni kama Hu. Baba mdogo wa mfalme alijifanya mgonjwa ili asiende barazani. Kwake, kuacha mavazi ya wazee ilikuwa kuwaacha wazee wenyewe. Mfalme akamfuata hadi nyumbani, akamweleza kwamba nguo ipo ili kazi ifanyike, na kazi ikibadilika nguo nayo haina budi. Kesho yake yule mzee alitokea barazani akiwa amevaa kama Hu.

Sasa mpanda farasi wa Zhao, baada ya mwaka 307, ana 3 au 2?

Jamaa mmoja kati yetu, mhasibu kwa kazi na mhasibu hata kwa mchezo, alisema 3. Hawa ni Wachina, wamefunzwa, wana makamanda na mishahara. Mimi nilisema 2. Wanapigana kama Hu, basi wapewe namba ya Hu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwenzetu wa tatu, anayetoka Kibra, alikuwa amenyamaza muda wote akikata kadibodi. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa: "Kwani hiyo namba ni ya farasi, ni ya nguo, ama ni ya mama yake?"

Nadhani hilo ndilo swali lote, na limenikaa tangu siku hiyo. Ukimweka mtu kwenye kundi, unaeleza anachofanya, anachovaa, au alikotoka? Na je, ni halali kumbebesha kimoja kwa jina la kingine?

Kwa upande wa sheria, jibu liko wazi. DBA inasema inapanga vikosi kwa tabia yao vitani, si kwa silaha wala deraya. Hapo sawa kabisa. Mwepesi ni mwepesi kwa sababu anapigana hivyo. Lakini fungua orodha. Orodha hazina vichwa kama "wanaokuja kama nzi". Vichwa vyake ni majina ya watu: Wachina wa Han, Xiongnu, Waturuki, Wamongolia. Sheria zinaainisha vitendo, orodha zinaainisha watu, halafu vyote viwili vinakutana kwenye kipande kimoja cha kadibodi. Pale ndipo kitendo kinapogeuka kuwa damu bila mtu yeyote kukusudia. Baada ya michezo kumi husemi tena "kikosi hiki kinapigana kwa wepesi." Unasema "Xiongnu ni wepesi." Baada ya ishirini unasema "watu wa nyika wako hivyo."

Historia yenyewe haikubali kupangwa kirahisi namna hiyo. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na Xi'an walikuta vipande vya jeshi la udongo la mfalme wa kwanza wa Qin, yule aliyemeza Zhao na falme nyingine zote. Katika shimo la pili kuna sanamu zaidi ya mia za askari wa farasi, kila mmoja amesimama kando ya farasi wake. Wamevaa koti fupi, mikono ya kubana, suruali, na kofia iliyofungwa kidevuni. Karne moja hivi baada ya ugomvi wa Wuling na baba yake mdogo, mavazi yaliyokuwa aibu ndiyo mavazi ambayo mfalme wa China yote anataka kuzikwa nayo. Huyo askari wa udongo ni Mchina? Ni Mchina, bila shaka. Lakini karibu kila kitu alicho nacho kama askari kilitoka upande wa pili wa mpaka.

Na watu nao walivuka mpaka huo, si suruali peke yake. Mwaka 121 KK mtoto wa mfalme mmoja wa Xiongnu, mwenye miaka 14 hivi, aliangukia mikononi mwa Han na kuwekwa kazi ya kulisha farasi zizini. Mfalme Wu wa Han alimwona siku ya kukagua farasi, akampenda, akampa jina la ukoo la Kichina, Jin, naye akajulikana kama Jin Midi. Miaka mingi baadaye Midi alizuia jaribio la kumuua mfalme huyo kwa mikono yake mwenyewe, na mfalme alipofariki mwaka 87 KK, Midi alikuwa mmoja wa waangalizi wa mtoto aliyerithi kiti. Upande mwingine yupo Li Ling, jenerali wa Han. Mwaka 99 KK aliingia nyikani na askari wa miguu 5,000, akazingirwa, akasalimu amri. Familia yake ikauawa nyumbani. Akaoa binti wa mtawala wa Xiongnu na hakurudi tena. Mmoja alizaliwa nyikani akafa akiwa mlinzi wa Han. Mwingine alizaliwa Han akafia nyikani. Ukiwa na safu mbili tu kwenye karatasi yako, unaandika nani wapi?

Mwandishi aliyetetea heshima ya Li Ling mbele ya mfalme alikuwa Sima Qian, mwanahistoria mkuu wa enzi hiyo. Kwa utetezi huo alihasiwa. Ndiye pia aliyetuachia maelezo marefu ya kwanza kuhusu Xiongnu: watoto wao wanaojifunza kwa kupanda kondoo na kulenga ndege na panya, watu wasio na miji, wanaofuata maji na majani. Ukisoma hayo unaona wageni kamili. Lakini sura hiyohiyo inaanza kwa kusema kwamba Xiongnu walitokana na ukoo wa Xia, yaani ukoo wa kifalme ambao Wachina wenyewe waliutaja kama mwanzo wao. Mtu aliyechora mstari kati ya "sisi" na "wao" aliuchora juu ya familia moja. Huku jina lenyewe ambalo Han walilitumia kuwaandika lina herufi inayomaanisha mtumwa.

Usicheke, maana Kiswahili chetu kina kisa chake. Neno nyika tunalolitumia kwa uwanda wa Mongolia ndilo watu wa miji ya pwani walilolitumia kwa majirani zao wa bara. Wagiriama, Wadigo, Wachonyi na wenzao wote waliitwa Wanyika, watu wa porini, na wageni wakaliandika hivyo kwenye vitabu kana kwamba ndilo jina walilopewa na mama zao. Ilipofika miaka ya 1940, wenyewe wakajiita Mijikenda, miji tisa. Kutoka "walioko nje ya mji" hadi "wenye miji tisa". Ni watu walewale, mashamba yaleyale, kaya zilezile. Kilichobadilika ni nani anashika kalamu.

Mpaka hapa unaweza kuniambia: msee, ni gemu. Xiongnu hawapo mezani kulalamika. Kweli hawapo. Lakini orodha za namna hii hazikuanzia mezani. Kuna orodha moja ya wapiganaji ambayo ilitumika kwa watu walio hai, hapahapa, na bado tunaishi ndani yake.

Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Kati kuwa jeshi moja, King's African Rifles, KAR. Kutoka India walileta wazo la makabila ya vita: kwamba baadhi ya watu wamezaliwa askari na wengine hawakuzaliwa hivyo. Maafisa wakawa na orodha, nyingine kwenye karatasi, nyingine kichwani. Hawa wachukue. Hawa waache. Hawa wanafaa kubeba mizigo.

Angalia jinsi orodha hiyo ilivyoyumba. Wakamba wa karne ya 19 walijulikana kwa misafara ya pembe za ndovu, wafanyabiashara wa masafa marefu, na Waingereza wa mwanzo waliwaona hivyo. Miongo michache baadaye Wakamba hao hao wakawa kabila la vita nambari moja, tegemeo la KAR. Wanandi walipigana na Waingereza kwa karibu miaka kumi, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Baada ya hapo ukali uliokuwa kosa ukageuka kuwa sifa ya kuajiriwa. Wakikuyu hawakupendelewa. Halafu ikaja 1952, na waliosemekana si watu wa vita wakaingia msituni na kulisumbua jeshi zima la himaya. Mmoja wa majenerali wao, Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma akiwa ndani ya sare ya KAR yenyewe. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyewachunguza askari hao kwa kina, anaonyesha kwamba kabila lilikuwa "la vita" pale ambapo vijana wake walihitaji mshahara wa jeshi na hawakuwa na njia bora ya kulipa kodi. Njia nyingine zikifunguka, shule na kazi zikipatikana, ujasiri wa kuzaliwa nao ulipungua kimiujiza.

Kwa hiyo orodha ya KAR ilidai kueleza damu, na kumbe ilikuwa inaeleza mfuko. Nenda katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, utaona sanamu tatu za shaba za mwaka 1928: askari wa KAR, mpagazi, na Mwarabu mwenye bunduki. Ni wapiganaji wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopangwa kwa aina, kama vikosi vya mezani, ila hawa ni wakubwa kwa umbo. Mpagazi hakuwa mpagazi kwa kuzaliwa. Aliandikwa mpagazi, mara nyingi kwa kulazimishwa, na wapagazi walikufa kwa maelfu mengi kwa njaa na magonjwa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo tunalolitamka Kariakor tukienda kununua viondo.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kiko karibu na meza yetu. Kutoka Kenyatta Market hadi Kibra ni mwendo wa miguu.

Mwaka 1891 Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Waingereza, alifika magharibi mwa Ziwa Albert akawakuta askari walioachwa nyuma na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Misri lililokuwa kusini mwa Sudan. Hawakuwa kabila. Walitoka kwa watu wengi tofauti wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini na jirani zake, wengi wao wakiwa waliingizwa jeshini kwa nguvu au kupitia utumwa. Kilichowaunganisha kilikuwa kambi, Uislamu, na Kiarabu cha amri kilichogeuka kuwa lugha ya nyumbani. Waingereza waliwaandika Wasudani, wakawaingiza katika vikosi vilivyokuja kuwa KAR, wakawapigisha vita Uganda na Kenya. Ukaja wakati wa kustaafu. Kurudi wapi? Sehemu waliyopewa nje kidogo ya Nairobi ilikuwa msitu, nao wakaiita Kibra kwa lugha yao. Ilipopimwa katika miaka ya 1910 ilikuwa ekari 4,197.

Hapo ndipo unaona nguvu ya orodha. Kikosi kiligeuka kuwa kabila. Aina ya askari, iliyoandikwa na karani kwa ajili ya mshahara na mgao wa chakula, ilizaa watoto, ikazaa lugha, mapishi, nyimbo za harusi, makaburi. Wanubi ni watu kamili, kama Wajaluo au Waturkana walivyo watu kamili. Ila serikali zilizofuata ziliendelea kusoma karatasi ile ya kwanza: hawa ni askari wageni. Uhuru ulipokuja hawakuwa na hati ya ardhi. Vijana waliofika umri wa kitambulisho walipitishwa kwenye kamati za kuwahoji, waeleze babu alizaliwa wapi, walete karatasi za watu waliokufa zamani. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipata hati ya ardhi, ekari 288. Linganisha na 4,197, utoe hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana mwenzetu wa Kibra aliuliza vile. Yeye ni Mnubi. Aliwahi kusimama mbele ya meza fulani akaulizwa babu wa babu yake alikuwa nani, na akajua kwamba jibu la kweli, "alikuwa askari wenu," ndilo lililomponza. Kwake swali la kama namba ni ya farasi au ya mama si la falsafa. Ni swali alilolijibu akiwa na miaka 18, amebeba bahasha ya kaki.

Ukiishia hapo ni rahisi kusema: basi tuchome orodha zote. Nimesikia wasomi wakisema hivyo na inapendeza masikioni. Lakini haisimami, na ni Wanubi wenyewe wanaoonyesha kwa nini. Hawakudai kufutwa kwenye orodha. Walidai kuandikwa, kwa jina lao, na jina hilo likaonekana kwenye matokeo ya sensa ya 2009. Wamakonde wa Kwale nao walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 wakidai jambo hilohilo, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Mtu hatembei mamia ya kilomita kudai sanduku lisilo na maana. Anayesema makundi ni upuuzi mara nyingi ni yule ambaye kundi lake halijawahi kuulizwa.

Na pia huwezi kuona chochote bila kupanga. Mchezo usio na 3 wala 2 si mchezo wa haki zaidi. Ni kadibodi tu. Tembea upande wa masaluni pale Kenyatta Market, wasusi wakikuvuta, "Dada, njoo nikusuke! Bei ni ya mazungumzo!" Kabla hajataja bei, mama wa saluni anaingiza vidole kichwani mwako. Anapima: nywele ni ngumu, ni laini, zimekatika mbele, zitachukua saa ngapi. Anakuainisha, na lazima akuainishe, la sivyo utaondoka unalia. Ila anafanya hivyo kwa kugusa kichwa kilichopo mbele yake leo. Ukirudi baada ya miezi mitatu anagusa upya. Hasemi, "Wewe ulikuwa ngumu Machi, wewe ni ngumu." Ni kweli kwamba huyohuyo, vidole vikiendelea, anaweza kukuuliza "Wewe ni wa wapi?" na kukisia mengine kutoka hapo. Kwa hiyo simfanyi malaika. Nasema tu kwamba sehemu ya kazi yake iliyo sahihi ni ile ya vidole, na sehemu inayokosea ni ile ya kukisia.

Hapo naona tofauti niliyokuwa naitafuta. Orodha za mchezo, pamoja na kasoro zake zote, zina kitu ambacho orodha ya KAR haikuwa nacho: kila moja ina tarehe. Jeshi hili, kuanzia mwaka huu hadi mwaka ule. Wakati mwingine ndani yake mna masharti: kabla ya mwaka fulani tumia hiki, baada yake tumia kile. Waingereza hawa wa mchezo, labda kwa kupenda usahihi tu, wamekubali kwamba watu hubadilika. Orodha inayosema "farasi wa Zhao, kabla ya 307" na "farasi wa Zhao, baada ya 307" haijasema Zhao ni nani. Imesema walifanya nini, lini. Hata tarehe hizo zinaweza kuwa pana mno, karne kadhaa zikabebwa na mstari mmoja. Lakini mlango upo, na ukibishana vizuri unaweza kuufungua zaidi.

Afisa wa KAR hakuandika "Wakamba, 1920 hadi 1950, kwa sababu ya kodi na ukame." Aliandika Wakamba. Karani hakuandika "Wasudani, kikosi, mkataba unaisha lini." Aliandika Wasudani, na wino ukapita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto ambaye hajawahi kushika bunduki. Orodha bila tarehe inageuza kazi ya mtu kuwa asili yake. Huo ndio ubaya wake wa kimaadili, na haupungui hata kama mwandishi hakuwa na chuki. Unaweza kumsifu mtu kwa orodha ya namna hiyo, ukamwita shujaa wa kuzaliwa, na bado umemwibia. Ukisema ujasiri wake ni wa damu, umesema hakuuchagua. Mkamba aliyefia Burma alistahili kusifiwa kwa alichofanya asubuhi ile, si kwa alikozaliwa.

Lakini tarehe peke yake haitoshi. Lazima pia anayeandikwa aweze kujibu. Sima Qian aliandika mengi kuhusu Xiongnu, mengine kwa haki kubwa, lakini wao hawakuacha kitabu cha kumjibu, na ndiyo maana mpaka leo wanapanda kondoo kwenye kurasa zake. Wanyika walijibu, wakawa Mijikenda. Wanubi walijibu, kwa miongo, kortini na barabarani. Orodha inayoweza kujibiwa bado ni orodha. Ina makundi, ina mipaka, inakosea. Ila kosa lake lina pa kupelekwa.

Meza yetu iliamua hivi: kwa Zhao, kikosi kimoja kinaweza kuwa 3 au 2, mchezaji achague kabla ya vita na aeleze kwa nini, na mwaka uandikwe nyuma ya kadibodi. Mhasibu hakupenda. Anasema hesabu haiwezi kufungwa namna hiyo. Nakubaliana naye, haiwezi.

Sensa ya Kenya huja kila baada ya miaka kumi, na inayofuata ni ya 2029. Karani atabisha mlango wako na fomu, atauliza wewe ni nani, na kutakuwa na namba ya kila jibu. Mjibu. Watu wametembea kwa miguu ili namba hizo ziwepo. Lakini jibu lako lisomeke na tarehe ya siku hiyo juu yake, na mtoto wako akiulizwa 2039, asiambiwe jibu lilishaandikwa.